UZI: Kusafisha mito ya Nairobi. Kila kampeni tunaahidiwa, leo tujue tunaahidiwa nini hasa

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu asimame kando ya Mto Nairobi, avae gambuti, apande mche mmoja mbele ya kamera na kuahidi kwamba miaka si mingi watoto wataogelea humo. Kisha mjadala unawaka: miti, ubomoaji, kazi za vijana, pesa zimeenda wapi. Leo tuuchambue mjadala huo hoja kwa hoja. Kama kawaida ya nyuzi hizi, hatutaji mwanasiasa wala chama.

2/ Kwa wale wenye haraka, jibu ni hili. Mto una mpangilio wake wa kupona. Kwanza unazuia uchafu usiingie. Pili unaupa mto nafasi yake. Tatu ndio unapanda. Hii si siri, imefanyiwa utafiti miaka na miaka. Shida ni kwamba utafiti huo haumfikii mwenye jembe, na haumfikii mpiga kura. Ndiyo maana kila mara tunauziwa hatua ya tatu peke yake.

3/ Tuanze na ramani. Jina la jiji letu limetokana na maneno ya Kimaasai yanayomaanisha maji baridi. Mito mikubwa ni mitatu: Nairobi, Mathare na Ngong. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, Kaunti ya Kiambu. Kwa hivyo hata kabla maji hayajafika jijini, tayari yamepita kaunti nyingine. Weka hilo akilini, tutalirudia.

4/ Na hayaishii Ruai. Mito hii inaingia Mto Athi, unapita Machakos, Makueni na Kitui, mbele unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unamwaga baharini karibu na Malindi. Ukitupa mfuko wa taka Korogocho, kuna mtu Ukambani atateka maji hayo, na kuna mvuvi Malindi atayakuta. Ati huu ni mjadala wa Nairobi tu? La.

5/ Sasa, mto unauawa na nini? Wengi tunaangalia plastiki kwa sababu inaonekana. Lakini kinachoua zaidi ni maji taka: choo, sabuni, damu ya machinjioni, maji ya viwandani. Bakteria wanapovunjavunja uchafu huo wanatumia oksijeni iliyo ndani ya maji. Uchafu ukizidi, oksijeni inaisha. Samaki, kereng'ende wachanga na vidudu vingine vya maji wanakosa hewa. Kinachobaki ni maji meusi na ile harufu tunayoijua.

6/ Ndiyo maana kanuni za ubora wa maji za mwaka wa 2006 ziliweka kipimo. Maji yoyote yaliyoachiliwa kwenye mazingira hayakufaa kuwa na uchafu wa kumaliza oksijeni zaidi ya miligramu 30 kwa lita. Namba hiyo ikumbuke. Mtu akikuambia mto umesafishwa, usimuulize umeokota magunia mangapi. Muulize kipimo kimeshuka kutoka ngapi hadi ngapi.

7/ HOJA YA KWANZA: "Tupande miti."
Nani atapinga miti? Katiba yenyewe, kifungu cha 69, inaitaka Serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Kuna lengo la kitaifa la miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa hata sikukuu ya kupanda. Shida haiko kwenye mti. Iko kwenye neno "kupanda."

8/ Kupanda ni siku moja. Kukuza ni miaka. Mche uliopandwa kwenye udongo uliojaa plastiki, bila mtu wa kuumwagilia kiangazi, bila ua wa kuzuia mbuzi, kwa kawaida hufa. Lakini kwenye ripoti tayari umehesabiwa. Mwaka unaofuata shimo lile lile linapandwa tena na linahesabiwa tena. Hivyo takwimu zinaongezeka na kivuli hakionekani. Swali la maana ni: miche ya mwaka juzi, mingapi iko hai?

9/ Halafu, mti gani? Mkaratusi unakua haraka na unapendeza kwa picha, lakini unakunywa maji mengi, na wataalamu wetu wa misitu wamekuwa wakishauri usipandwe kingo za mito na chemchemi. Kingo zina wenyewe: mikuyu, matete, mafunjo. Mizizi ya mkuyu inashika udongo. Matete na mafunjo yanapunguza kasi ya maji, yananasa tope, na yanafyonza sehemu ya uchafu. Sehemu tu. Hakuna tete linaloweza kusafisha choo cha mtaa mzima.

10/ Mfano ulio mbele ya macho yetu ni Bwawa la Nairobi, kando ya Kibera. Lilijengwa mwaka wa 1953. Watu walikuwa wakiendesha mashua za matanga pale. Leo ni tope na gugumaji. Kwa nini gugumaji halikomi hata likiondolewa? Kwa sababu maji taka ni mbolea. Yana nitrojeni na fosforasi, chakula chake hasa. Ukiling'oa Jumatatu na maji taka yaendelee kuingia, umepalilia tu shamba lake.

11/ "Lakini Thames ya London ilisafishwa!" Kweli, na mfano huu hutajwa sana kwenye mikutano. Mwaka wa 1957 wataalamu wa makumbusho ya viumbe ya London walisema mto huo umekufa kibiolojia. Baadaye samaki wakarudi. Nini kilibadilika? Mitambo ya kusafisha maji taka ilijengwa upya na kupanuliwa miaka ya 60 na 70. Kazi kubwa ilifanywa na mabomba na mitambo, vitu ambavyo hakuna mtu hupiga picha navyo.

12/ Mfano mwingine unaopendwa ni Seoul, Korea Kusini. Walibomoa barabara ya juu, na mwaka wa 2005 wakafungua mto uliokuwa umefunikwa, karibu kilomita 6 katikati ya jiji. Pazuri sana. Lakini maji mengi yanayopita pale yanasukumwa kwa pampu kutoka mto mkubwa, kila siku, kwa gharama. Kwa hivyo mtu akisema "tutakuwa kama Seoul," muulize ni sehemu gani ya Seoul anamaanisha, na bili ya pampu ni ya nani.

13/ HOJA YA PILI: "Waliojenga kwenye ripariani waondoke."
Hapa ndipo mambo huwa machungu. Mto ukifurika unahitaji nafasi ya kutandaa. Ukijenga kwenye nafasi hiyo maji yataingia nyumbani, hayajui hatimiliki. Mwaka wa 2024, mvua za Machi hadi Mei ziliua zaidi ya watu 200 nchini. Mathare na Mukuru waliona kwa macho. Kwa hivyo hoja ya usalama si ya kubuni.

14/ Lakini mpaka ni mita ngapi? Hapa ndipo wengi hushangaa. Kanuni zetu zimekuwa zikitaja mita 6 hadi 30, kutegemea upana wa mto au kiwango cha juu kabisa maji yaliwahi kufika. Yaani si mita 30 kila mahali. Mtu anafaa kwenda, apime, aangalie historia ya mafuriko ya eneo lile, kisha aweke alama. Bila alama, mita ngapi inakuwa ni yule mwenye tingatinga atakavyoamua asubuhi hiyo.

15/ Mwaka wa 2018 hata majengo makubwa ya biashara yalibomolewa jijini kwa sababu hii. Mwaka wa 2024 zamu ilikuwa ya mabanda, na kila kaya iliahidiwa shilingi 10,000 ya kuhama. Piga hesabu mwenyewe: kodi, depoziti, gari la kubeba vitu, shule mpya ya watoto. Wengi walisogea mita chache tu, au wakaenda kingo za mto mwingine. Mto haukupona. Umaskini ulihama tu.

16/ Na kuna uongo mdogo ndani ya hoja hii: kwamba anayeishi kando ya mto ndiye anayeuchafua. Anauchafua, ndiyo, kwa sababu hana bomba la maji taka wala gari la taka. Lakini pia kuna mabomba ya majengo ya ghorofa ya huko juu yaliyounganishwa kwa siri kwenye mitaro ya mvua. Ukimwondoa Mama Mboga wa Mathare na uache bomba la ghorofa, umeondoa shahidi na kumwacha mshukiwa.

17/ Kuna njia nyingine? Iko, na ni ya hapa hapa. Mwaka wa 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa. Wakazi kupitia Muungano wa Wanavijiji, vyuo vikuu na mashirika wakahesabu na kuchora ramani pamoja, eneo lenye zaidi ya kaya 100,000. Takwimu hazikuandikwa kisha zikapelekwa Mukuru. Ziliandikwa na watu wa Mukuru. Sehemu za mtaa huo zikapata mabomba membamba ya maji taka yanayopita kwenye vichochoro bila kubomoa nusu ya mtaa.

18/ Kibera nako, tangu 2006, shirika la KDI limekuwa likitengeneza na wakazi viwanja vidogo kando ya vijito: kuta za kuzuia mmomonyoko, mitaro, vyoo, mahali pa kufua, pa watoto kucheza. Korogocho, vijana wa Komb Green waligeuza jaa la kingo za Mto Nairobi kuwa bustani. Si miujiza, na mafuriko hayawaogopi. Lakini wanaoishi hapo wana sababu ya kulinda, na hilo tingatinga halileti.

19/ HOJA YA TATU: "Hiyo ni kazi ya kaunti." "Hapana, ni ya serikali kuu."
Mpira huu umepigwa sana. Jedwali la Nne la Katiba linagawa hivi:
- Kaunti: kuzoa taka na majaa, huduma za maji na maji taka, mitaro ya mvua mjini.
- Serikali kuu: kulinda mazingira na vyanzo vya maji. Humo ndimo zilimo NEMA na Mamlaka ya Rasilimali za Maji.
Yaani kaunti imepewa bomba, serikali kuu imepewa filimbi. Wote wawili wana kesi ya kujibu.

20/ Na kumbuka Ondiri. Chanzo kiko Kiambu, uchafu mwingi unaingia Nairobi, anayekunywa yuko Machakos na Makueni. Gavana mmoja hawezi peke yake, hata akiwa malaika. Mpango wowote unaoanzia na kuishia ndani ya mipaka ya jiji ni nusu ya mpango. Mgombea asiyetaja kaunti jirani, huenda hajaiona ramani.

21/ HOJA YA NNE: "Tumeunda jopo kufanya utafiti."
Jamani. Makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri. Mpango wao wa bonde la Mto Nairobi ulianza mwaka wa 1999. Vyuo vikuu vyetu vina tasnifu chungu nzima kuhusu mito hii: maji, samaki, mboga, udongo. Utafiti hatujakosa. Tumekosa mtu wa kuushusha kutoka kwenye rafu.

22/ Mfano mmoja unaouma. Mwaka wa 2007 utafiti ulioagizwa na shirika hilo la UNEP uliwapima watoto 328 wa karibu na jaa la Dandora, lililo kando ya Mto Nairobi. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kinachofikia au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Jaa lenyewe lilikuwa limetangazwa kujaa tangu 2001. Watoto hao leo ni watu wazima. Jaa bado linapokea taka.

23/ Utafiti ule ulikuwa wazi kabisa. Sasa fikiria kama kila mzazi wa Dandora, kila mwalimu na kila mhudumu wa afya wa jamii angepata ukurasa mmoja kwa Kiswahili: risasi inaingiaje mwilini, mtoto anawe mikono saa ngapi, asichezee wapi, nani wa kumdai. Jaa lisingefungwa kwa karatasi. Lakini mdai mwenye namba mkononi si sawa na mlalamishi.

24/ Kwa nini utafiti hukwama? Sababu ni za kawaida tu:
- Umeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu.
- Uko kwenye jarida la kulipia.
- Mtafiti hupandishwa cheo kwa kuchapisha, si kwa kurudi mtaani kueleza.
- Afisa wa kaunti ana wiki moja ya kuandika bajeti, hana muda wa kurasa 200.
- Kikundi cha vijana hakijui hata kwamba sampuli zao zilichukuliwa zikaenda wapi.

25/ Na wakati maarifa yamefika kwenye jembe, tumeona matokeo. Nenda Bamburi, Mombasa. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa mwamba mtupu, maji ya chumvichumvi, jua kali. Mwaka wa 1971 René Haller alianza kujaribu kuyafufua. Alijaribu aina 26 za miti. Zilizofaulu zilikuwa tatu. Soma tena: 26 kwa tatu. Huyo hakuhesabu miche aliyopanda, alihesabu iliyoishi.

26/ Mvinje ulishika, lakini tatizo jipya likaja: majani yake makavu hayakuoza, yakalala tu. Udongo haukutengenezeka. Suluhisho likawa jongoo. Yule jongoo mwekundu wa Pwani, ambaye wengine wanamkimbia, aliletwa akala majani yale na kinyesi chake kikawa mboji. Mboji ikaleta mimea mingine, mimea ikaleta ndege. Leo pale panaitwa Haller Park. Kujua jongoo anakula nini ni ikolojia. Kumleta kwa ndoo ni utendaji. Vyote viwili vilikuwa mahali pamoja.

27/ Karura inatufunza jambo lingine. Ni zaidi ya hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji, zilizookolewa na wananchi waliokataa ugawaji wa miaka ya 90. Sehemu yake ilikuwa mikaratusi iliyopandwa enzi za ukoloni kwa ajili ya kuni za garimoshi. Kufufua msitu wa asili kulimaanisha kukata miti ile ya kigeni na kurudisha ya kienyeji. Baadaye hata mbega walirudishwa.

28/ Lakini hebu fikiria raia anayepita akaona magogo yanatoka Karura. Lazima apandishe hasira, na ana haki, tumeibiwa misitu mara nyingi. Kama hakuna aliyemweleza mpango mapema, uvumi utamweleza. Kushirikisha watu utafiti si hisani ya mtafiti. Ni kinga ya mradi wenyewe. Na ni kinga ya raia pia, maana mwizi wa miti naye hupenda kusema "tunafufua msitu."

29/ Kuna vifaa tayari, vya bei nafuu. Afrika Kusini walichukua kipimo cha kitaalamu cha afya ya mito wakakipunguza kikawa miniSASS. Unahitaji wavu, beseni jeupe na picha za makundi 13 ya vidudu vya majini. Kila kundi lina alama. Ukipata vile visivyovumilia uchafu, mto ni mzima. Ukipata minyoo na ruba pekee, mto ni mgonjwa. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza. Hebu fikiria kila shule iliyo kando ya Mathare ikipima mara moja kwa muhula na kubandika alama getini.

30/ Na Kibera walishafanya kitu kama hicho kwa hali ya hewa. Kupitia mradi unaoitwa DARAJA, Idara ya Hali ya Hewa na wakazi waliketi pamoja wakabadilisha namna utabiri unavyosemwa, ili uwafikie watu kwa lugha na njia wanazotumia. "Milimita kadhaa za mvua" haikuambii lolote. "Toa vitu chini, ondoa taka kwenye mtaro wako leo" inakuambia. Sayansi ni ile ile, imebadilishwa mdomo tu.

31/ Tusisahau upande wa pili: mwenye jembe naye anajua vitu. Kijana anayeokota taka mtoni kila wiki anajua ni bomba gani hutoa maji ya rangi usiku, ni mtaro gani huziba kwanza, maji yalifika ukuta gani mafuriko ya mwisho. Hayo ni data. Lakini mtafiti akija huwa anamtumia kama mbeba ndoo. Utafiti mzuri wa mto ungeanza kwa kumuuliza yeye, na ungeisha kwa kurudi kwake na majibu.

32/ Tuwe waungwana kwa upande wa pili wa mjadala. Kuna wanaosema: "Watu wana njaa, wape vijana kazi ya kufagia mto leo, utafiti baadaye." Hoja hiyo ina uzito. Malipo ya siku ni chakula cha siku, na taka zikiondolewa mafuriko hupungua kweli. Lakini kazi ile ile inaweza kulipa zaidi. Kijana yule yule, siku ile ile, akifundishwa kupima maji, kutunza kitalu cha mikuyu na kuripoti bomba la siri, amepata ujuzi. Mradi ukiisha, anabaki na kitu.

33/ Tena angalia ile bustani ya kando ya mto karibu na mzunguko wa Globe. Ilirekebishwa mwaka wa 2008, watu wakashangilia. Ikachakaa. Ikarekebishwa tena mwaka wa 2020, watu wakashangilia tena. Inapendeza, nendeni mkapumzike. Ila bustani iliyo katikati ya mto haiwezi kuamua ni maji gani yanatoka juu. Na uzinduzi una bajeti siku zote. Matunzo ndiyo huwa hayana mwenyewe.

34/ Wewe raia una nguvu gani? Zaidi ya unavyodhani:
- Kifungu cha 42: mazingira safi ni haki yako, si ahadi.
- Kifungu cha 70: unaweza kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, na huhitaji kuthibitisha kwamba wewe binafsi umepata hasara.
- Kifungu cha 35 na sheria ya 2016 ya kupata habari: andika barua, ofisi ya umma inafaa kukujibu ndani ya siku 21.
- Mtafiti mwenye leseni ya NACOSTI anatakiwa kuwasilisha nakala ya ripoti yake. Kikundi chenu kikihojiwa, dai muhtasari wenu.

35/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na ahadi ya mto, msimzomee na msimshangilie. Muulizeni haya, moja moja:
- Maji taka yanaingilia wapi hasa, na utaziba lipi kwanza?
- Kipimo cha maji leo ni ngapi, na nani atatupimia kila miezi mitatu?
- Mpaka wa kingo umepimwa, au ni mita za mdomo?
- Watakaohama wanaenda wapi?
- Miche ya mradi uliopita, mingapi iko hai?
- Umeongea na Kiambu na Machakos?
- Ripoti itabandikwa wapi, kwa lugha gani?

36/ Akijibu maswali manne kati ya hayo kwa namba na tarehe, mskize vizuri, bila kujali rangi ya shati lake. Akijibu kwa kuita wimbo, mnajua mmepata nini. Na wewe uliye na bomba la choo linaloelekea kwenye mtaro wa mvua, maswali haya yanakuhusu pia, hatujakusahau.

37/ Kama wewe ni mtafiti na una kazi yoyote kuhusu mito yetu, andika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili uweke hapa chini. Kama uko kwenye kikundi cha mtoni, tuambie mnajua nini ambacho hakijaandikwa popote. Tutaunganisha wawili wawili. Uzi ujao: nani anafaa kulipia taka za mtaa usio na barabara? Karibuni kwa hoja. Matusi peleka kwingine.